Siku Mlingoti Alipokaukiwa Sauti

Watoto wa darasa la tano walimpa jina kabla hajafika mezani. Aliingia asubuhi ile amevaa koti la kuazima kwa binamu yake, mikono ya koti imeishia katikati ya mikono yake mwenyewe. Mlangoni aliinama ili asijigonge, akainuka mapema mno, akajigonga. Kutoka madawati ya nyuma mtu akasema, si kwa sauti kubwa sana, "Mlingoti!" Darasa zima likaangua kicheko, na jina likashika. Hadi saa ya mapumziko hata walimu ofisini walikuwa wanalitumia, na mpishi wa shule akamkaribisha chai kwalo.

Alikuwa mwanachuo wa ualimu, mwaka wa mwisho, ametumwa pale kwa mafunzo kwa vitendo. Hali hiyo ni ya mashaka. Wanafunzi wanakuita mwalimu huku wakikutazama usoni kuona kama na wewe unaamini. Walimu wanakuita mwenzetu halafu wanakutuma ukalete chaki.

Hakutumwa peke yake. Chuo kilimpanga pamoja na mwenzake, binti mfupi mwenye mashavu ya duara, ambaye hakuhitaji kupewa jina na watoto kwa kuwa alikuja nalo kutoka chuoni. Alikuwa anaitwa Redio. Aliongea akitembea, aliongea akila, na watu waliowahi kulala naye bweni moja walisema hata usingizini alikuwa anatangaza. Redio alipewa darasa la nne, chumba cha pili kutoka kwa Mlingoti, na tangu siku ya kwanza darasa la nne lilinyamaza kabisa kwa sababu hakuna aliyepata nafasi ya kuingiza neno.

Darasa la tano halikunyamaza. Mlingoti alikuwa na sauti laini, ya mtu anayeomba apishwe. Akisema "Fungueni vitabu," watoto wa mbele walifungua, wa katikati waliulizana amesema nini, na wa nyuma waliendelea na mazungumzo yao ya tangu juzi. Alipogeuka kuandika ubaoni, kelele ilipanda nyuma yake kama maziwa jikoni. Alipogeuka kuwatazama, ilishuka, lakini haikwisha. Na kulikuwa na binti mmoja dawati la mbele, wenzake walimwita Wakili, aliyenyoosha mkono kila baada ya sentensi.

"Mwalimu, umesema pembe tatu ina pande tatu."

"Ndiyo."

"Na ikiwa na pande nne?"

"Basi si pembe tatu."

"Nani ameamua?"

Kelele ikapanda tena.

Mwalimu halisi wa darasa hilo alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, mtaratibu, ambaye kwa siri watoto walimwita Bi Nyusi. Yeye hakuwahi kupaza sauti. Akiingia darasani, aliinua nyusi moja, ya kushoto, na hapo hata inzi walitua. Kwa muhula ule alimwachia Mlingoti darasa, akakaa ofisini kusahihisha na kunywa chai yake, na kelele ikizidi alipita dirishani tu, nyusi juu, akarudi zake.

"Mwalimu, unafanyaje?" Mlingoti alimuuliza siku moja.

"Nafanya nini?"

"Hicho. Cha nyusi."

"Sijafanya kitu, mwanangu. Ni uso wangu tu."

Mlingoti akajaribu nyusi mbele ya kioo cha chooni. Zilipanda zote mbili kwa pamoja, akafanana na mtu aliyekalia msumari.

Basi akaomba ushauri kwa Redio. Redio akamwambia shida yake ni moja tu: sauti. "Wewe unanong'ona. Watoto wanaona kama unawasengenya. Paza! Mwalimu ni sauti, bwana. Nyingine zote ni nyongeza."

Mlingoti alikuwa amefikia kwa shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake, fundi cherehani mwenye nyumba ya vyumba viwili na uani kwa kuku. Shangazi alipoisikia habari hiyo aliunga mkono, akatoa na nyongeza zake. "Sauti isitoke kooni, baba. Itoke tumboni. Babu yako alikuwa akimwita mtu mtaa wa pili, anakuja. Nenda uani ukafanye mazoezi."

Ikawa kila jioni, baada ya kazi, Mlingoti anasimama uani, miguu imepanuka, mkono tumboni, anapiga kelele: "Nyamazeni! Kaeni chini! Wewe wa nyuma, unacheka nini?" Kuku walitawanyika siku ya kwanza. Siku ya pili walizoea. Jogoo akaanza hata kumjibu. Lakini upande wa pili wa ukuta kulikuwa na jirani na mkewe, watu wa kugombana kila jua linapozama, nao waliposikia "Nyamazeni!" walinyamaza. Waliposikia "Kaeni chini!" walikaa. Mke alikuja asubuhi na sahani ya machungwa, akamwambia shangazi, "Mwambie kijana wako asante. Jana tumekula tukiwa tunatazamana." Shangazi akapokea machungwa, hakueleza kitu.

Darasani pia mambo yalianza kubadilika. Mlingoti alinguruma, watoto wakashtuka, wakanyamaza. Kwa muda. Halafu wakagundua kwamba kumfanya mwalimu angurume ni mchezo mzuri kuliko yote ya uwanjani, wakaongeza bidii. Naye akaongeza. Wakaongeza. Mwalimu Mkuu akawa anafunga dirisha la ofisi yake hata kukiwa na joto.

Ndipo ikaja habari kwamba mkufunzi kutoka chuoni atafika kesho kuwakagua.

Mkufunzi huyu alijulikana. Wanachuo walimwita Kifutio, kwa sababu amefuta ndoto za watu. Alikuwa mzee mkavu, mrefu wa shingo, suti ya kijivu, kalamu mbili mfukoni, na ilisemekana kwamba aliwahi kumrudisha mtu chuoni kwa kushika chaki kama sigara. Mbaya zaidi, kanuni ya chuo ilikuwa wazi: asiyefundisha siku ya ukaguzi, kwa sababu yoyote, anarudia mafunzo muhula mzima unaofuata.

Jioni hiyo Mlingoti alifanya mazoezi kupita kiasi. Alifundisha kuku somo zima la sayansi, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya tumboni. Somo lilikuwa mzunguko wa maji: jua linapiga ziwani, maji yanakuwa mvuke, mvuke unapanda, unakuwa wingu, wingu linaleta mvua. Jirani na mkewe walisikiliza hadi mwisho.

Asubuhi aliamka, akafungua mdomo kumwamkia shangazi, na hakikutoka kitu.

Akajaribu tena. Ilitoka hewa, kama tairi ya baiskeli.

"Shikamoo gani hiyo ya upepo?" shangazi akauliza bila kugeuka kutoka kwenye jiko. Alipogeuka akamwona mpwa wake amejishika koo, macho yamemtoka pima, anapeperusha mikono.

Alimpa maji ya moto ya tangawizi. Akampa asali. Akamsukutulisha maji ya chumvi. Akamfunga kitambaa cha flaneli shingoni, akamwambia, "Haya baba, kohoa tusikie." Mlingoti akakohoa. Hata kikohozi hakikuwa na sauti.

"Basi umekwisha," alisema shangazi, kisha akaona uso wa kijana, akarekebisha. "Namaanisha, umekwisha kuchelewa. Nenda kazini."

Ofisini Redio alikuwa ameshafika, amevaa gauni jipya, anaeleza watu wote jinsi ambavyo hana wasiwasi. Mlingoti akamfikia, akaonyesha koo, akatingisha kichwa.

"Nini? Umemeza kitu? Umekwamwa na mwiba? Koo? Sauti? Huna sauti! Leo? Mungu wangu, leo? Usimwambie mtu! Ukisema unaumwa unarudia muhula. Ngoja. Nina wazo. Mimi nasimama nje chini ya dirisha, wewe unachezesha mdomo, mimi naongea."

Mlingoti akajinyooshea kidole, kisha akamnyooshea yeye.

"Kwani shida nini? Nitaongea kwa besi," alisema Redio, na akaijaribu besi yake pale pale. Mwalimu wa hesabu akamwaga chai.

Bi Nyusi alikuwa amekaa kwenye kona yake, anasikiliza yote. Akaweka kikombe chini, akainuka, akasema, "Nisubirini," akatoka. Aliingia darasa la tano na kufunga mlango nyuma yake. Yaliyosemwa humo baadaye Wakili aliyasimulia kwa kila mtu aliyekubali kusimama, kwa hiyo yanajulikana.

"Mwalimu wenu leo hana sauti," alisema Bi Nyusi. "Imekwisha."

Wakili akanyoosha mkono. "Imekwishaje?"

"Mmeimaliza."

"Sisi?"

"Ninyi."

"Yote?"

"Yote. Aliitoa kidogo kidogo, ninyi mkaichukua."

Watoto wakatazamana. Mmoja wa nyuma, ambaye kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa amechukua fungu kubwa kuliko wenzake, akaanza kulia.

"Leo anakuja mgeni kumtazama anavyofundisha," Bi Nyusi akaendelea. "Mgeni akijua hana sauti, mwalimu atarudishwa. Sasa fanyeni mnavyoona." Hakuinua hata nyusi. Akatoka.

Kifutio alifika kwa kuchelewa, vumbi la safari kwenye viatu, akasalimia kwa kichwa, akakataa chai, akasema ataanza na darasa la tano. Jambo moja ambalo hakuna aliyelijua shuleni, wala chuoni, ni kwamba mzee huyu masikio yake yalikuwa yamepungua sana. Binti yake alimnunulia kifaa kidogo cha kuvaa nyuma ya sikio, chenye swichi na kigurudumu cha kuongezea sauti. Kifutio alikichukia kifaa kile kama deni. Alihofia kwamba wakijua chuoni watamwambia apumzike, na yeye kupumzika hakukujua. Kwa hiyo alikivaa pale tu alipolazimika, akaacha nywele za pembeni zirefuke kukifunika. Siku hiyo alikivaa garini, kwa haraka, gari linaruka mashimo. Akasahau kukiwasha.

Aliingia darasani, akaenda moja kwa moja hadi kiti cha nyuma, akaketi, akachomoa kalamu, akampungia Mlingoti mkono: anza.

Mlingoti alijikaza kisabuni. Akafungua mdomo, akasalimia darasa. Hakikutoka kitu. Midomo tu.

Watoto wote wakasimama kwa pamoja. Bila kupangana, kwa kuwa hakuna aliyetaka kumwaibisha mwalimu kwa kuwa na sauti wakati yeye hana, wakafungua midomo yao na kujibu vile vile: "Shikamoo mwalimu!" Kimya kabisa. Midomo ya darasa zima ikafunguka na kufungwa kama samaki. Kisha wakaketi, taratibu, kila mmoja ameshika dawati lisilie.

Nyuma kule Kifutio aliacha kuandika.

Akagusa sikio. Akapeleka kidole kwenye kigurudumu, akakizungusha kidogo. Mlingoti alikuwa sasa anazungumza kwa bidii, midomo mbio, maana alikuwa amekariri somo lote na mdomo haukujua kufundisha kwa namna nyingine. Kifutio akazungusha zaidi. Hakuna. Akazungusha hadi mwisho. Hakuna kitu duniani.

Jasho jembamba likamtoka mzee wa watu. Akamtazama mtoto aliyeketi karibu naye; mtoto akamchezeshea mwenzake midomo, na Kifutio hakusikia. Akawaza kwamba ndiyo imefika. Binti yake alimwonya. Daktari alimwonya. Basi kumbe uziwi unakuja hivi, katikati ya kazi, darasa la tano, somo la sayansi. Akakaza uso, akaanza kuitikia kwa kichwa polepole kama mtu anayefuatilia hoja nzito, na akaandika kwenye karatasi yake alama ya vyema, kwa sababu hakujua aandike nini kingine.

Mbele, mambo yalikuwa yanaanza kupendeza. Mlingoti alichora ziwa ubaoni. Kisha akainyoosha mikono, akapanua vidole, akavimbisha mashavu, akawa jua. Watoto walikodoa macho. Walikuwa hawajawahi kukodoa macho hivyo; ukitazama pembeni unapitwa. Akashuka chini, akachuchumaa, akawa maji. Jua likapiga: akajipepea, akaonyesha joto, akatoa ulimi. Kisha akaanza kupanda. Alipanda polepole, anajinyonga nyonga kama moshi, na kwa kuwa ulikuwa urefu wa Mlingoti, mvuke ule ulichukua muda wake. Alipofika juu kabisa alisimama kwa vidole, akakunja mikono juu ya kichwa, akawa wingu. Wingu likagonga taa. Taa ikayumba, na kivuli chake kikapita juu ya darasa, na hakuna aliyeamini kwamba haikupangwa.

Wakili akasimama. Alikuwa amefumba mdomo muda mrefu kuliko wakati wowote wa maisha yake, na uso ulikuwa umemvimba kwa maswali. Akanyoosha mkono, akauliza swali lake kwa vidole: akaonyesha wingu, akaonyesha chini, akainua mabega. Kwa nini lisikae huko huko juu?

Mlingoti akafikiri. Akaita watoto kadhaa mbele kwa kidole. Akawasimamisha kwenye kiti kimoja, mmoja mmoja. Wa kwanza akatosha. Wa pili akabanwa. Wa tatu akapanda, kiti kikajaa, wakaanza kuyumba, na wote watatu wakadondoka mikononi mwake. Darasa zima likavuta pumzi: aaah. Wingu limejaa! Wakili akaketi, ameridhika, na hilo lilikuwa la kwanza katika historia ya shule.

Sasa ilibaki mvua. Mlingoti akaenda dawati la mbele, akaligusa kwa kidole kimoja: tone. Akawaonyesha: na ninyi. Watoto wakagusa madawati, kidole kimoja kimoja. Kisha viwili. Akainua mikono: zaidi. Wakaongeza vidole vyote. Akainua tena: zaidi! Wakaanza kwa viganja. Siku zote walikuwa wamekatazwa kupiga madawati, na sasa mwalimu mwenyewe anawaomba kwa mikono miwili. Mvua ikanyesha.

Ni wakati ule ule, huko nyuma, Kifutio alikuwa amekivua kifaa kwa siri chini ya meza, anakigeuza geuza, ndipo akaona swichi. Ilikuwa imezimwa. Moyo ukamruka kwa furaha. Akakirudisha sikioni, kigurudumu bado kimefika mwisho, akaweka kidole kwenye swichi.

Mlingoti alikuwa ameiona ndoo ya bati kwenye kona, ile ya kufutia sakafu. Akaipindua. Akachukua mguu wa kiti uliovunjika tangu zamani. Akauinua juu.

Kifutio akawasha.

Mlingoti akapiga radi.

Watu waliokuwa ofisini wanasema walisikia ndoo, kisha wakasikia sauti ya mtu mzima ikipaa juu kuliko ndoo. Kifutio aliruka na kiti chake. Kalamu zikaenda upande huu, karatasi upande ule, miguu ya kijivu ikaonekana hewani, na mzee akatua sakafuni ameketi, mikono juu, anapiga kelele kwa nguvu zake zote: "Nasikia! Nasikia! Nasikiaaa!"

Watoto wakadhani ni sehemu ya somo. Kwamba huyu ndiye mkulima, amesikia mvua. Wakapiga makofi, wakapiga madawati zaidi, na yule aliyelia asubuhi akapasua kimya cha siku nzima kwa ukelele wa furaha, na wote wakamfuata, na ikawa kelele ambayo darasa la tano halijawahi kuifikia hata kwa kukusudia. Mwalimu Mkuu alikuja mbio akasimama mlangoni. Aliona mkaguzi yuko sakafuni, anacheka na kuziba sikio kwa mkono. Akaona mwalimu ameshika mguu wa kiti. Akaona heri arudi ofisini.

Baada ya kipindi, Kifutio na Mlingoti waliketi katika chumba cha kuhifadhia vitabu kuzungumza, kama ilivyo kawaida: mkufunzi anasema, mwanachuo anapokea. Kifutio alikuwa amepunguza sauti ya kifaa, amechana nywele, amerudi kuwa yule yule wa kutisha. Akakohoa.

"Somo zuri," alisema. "Vitendo vizuri. Pale nilipo... nilipoamua kushiriki, nilitaka kuona kama utababaika. Hukubabaika. Nimekufuatilia tangu mwanzo. Nimesikia kila neno."

Mlingoti akafungua mdomo, akaufunga.

"Nina jambo moja tu la kukukosoa," akaendelea Kifutio, akiinua kidole. "Unaongea mno."

Mlingoti akamtazama.

"Mno! Hupumziki. Maneno, maneno, maneno. Mengine, kusema kweli, hayakuwa na ulazima. Mwalimu mzuri anapunguza maneno. Unanielewa? Nijibu basi, usinitazame tu."

Hapa ndipo Mlingoti alipokuwa na njia nyepesi. Angeitikia kwa kichwa tu, akashukuru kwa mikono, akaondoka amefaulu. Aliifikiria njia hiyo, na angekuambia hata leo kwamba aliifikiria vizuri. Lakini mzee alikuwa anasubiri jibu, na uongo wote ule uliokuwa chumbani, nusu wake na nusu wa mkufunzi, ulimkaa kooni pabaya zaidi kuliko ugonjwa. Kulikuwa na kipande cha chaki juu ya rafu. Akakichukua, akaandika kwenye mlango wa kabati: Sina sauti tangu asubuhi. Sikusema neno hata moja. Samahani, mwalimu.

Kifutio akasoma. Akasoma tena, midomo ikimcheza. Mlingoti akahesabu kwamba huo ndio mwisho wa maisha yake ya ualimu. Tayari alikuwa anajiona uani kwa shangazi, anawafundisha kuku.

"Hata salamu?" aliuliza Kifutio.

Mlingoti akatikisa kichwa: hata salamu.

"Na watoto?"

Akatikisa tena: wala wao.

Kifutio akainuka, akaenda akafunga mlango. Akarudi, akaketi, akapeleka mkono nyuma ya sikio, akachomoa kifaa, akakiweka mezani kati yao, kidogo, cha rangi ya ngozi, kinapiga mluzi mwembamba.

"Mimi nilidhani nimekuwa kiziwi," alisema. "Mwanangu, niliaga. Niliaga ndege. Niliaga sauti ya marehemu mke wangu kwenye kanda. Na wewe kule mbele umevimbisha mashavu." Mabega yakaanza kumtikisika. Mlingoti aliogopa kwamba mzee analia, kisha akaona ni kicheko, kikavu, cha mtu asiyekitumia mara kwa mara, na yeye mwenyewe akaanza kucheka, hewa tupu, fff, fff, fff, na hilo likamchekesha Kifutio hadi akashika meza. Walicheka namna ile mpaka vitabu vya jiografia vikaanguka kutoka kwenye rafu.

Kifutio alipojifuta macho, akasema kwa utaratibu, "Sheria inasema asiyefundisha anarudia. Haisemi lazima afundishe kwa mdomo. Sikuona mtoto hata mmoja akitazama dirishani. Katika maisha yangu ya ukaguzi, siku zote kuna anayetazama dirishani." Akakinyanyua kifaa. "Hili la huku?"

Mlingoti akaweka kidole mdomoni. Kwa upande wake, siri ilikuwa mahali salama kabisa.

"Vizuri. Sasa nani anafuata? Darasa la nne. Yukoje mwenzako?"

Mlingoti akafikiri jinsi ya kumweleza Redio kwa mikono. Akaweka kiganja kwenye mdomo wake, akakifungua na kukifunga, akakifungua na kukifunga, akakipeleka mbio zaidi na zaidi, akaanza na mkono wa pili.

Kifutio alielewa. Akakizima kifaa, akakitia mfukoni mwa koti, akakipiga kidogo kwa kiganja, akaenda zake darasa la nne ametulia kama mtu anayekwenda kupunga upepo.

Redio alitoka kwenye tathmini yake amechanganyikiwa. Alimkuta Mlingoti ofisini, akamshika koti. "Kaniambia nina sauti tulivu! Mimi! Kasema nimemburudisha. Kasema hajapata kukaa darasani kwa amani kama leo. Ananitania? Hanitanii, hana uso wa kutania. Tulivu! Nimpigie mama simu? Mama hataamini. Unanionaje, ni kweli? Mbona unacheka? Mbona hunijibu?"

Sauti ya Mlingoti ilirudi wiki iliyofuata, kwanza kama chura, kisha kama yeye mwenyewe, laini ile ile. Ilimrudia katikati ya kipindi cha hesabu, alikuwa anaonyesha sehemu kwa chungwa, akalimega, maji yake yakamrukia jichoni, akasema "Aa!" na watoto wakainua vichwa. Walimkazia macho kwa mashaka.

Wakili alinyoosha mkono. "Mwalimu, imerudi?"

"Inaonekana imerudi," alisema Mlingoti.

Darasa likashusha pumzi kwa masikitiko ya kweli. Kule nyuma mtu akaguna. Halafu mtoto mmoja akafungua mdomo kutaka kusema kitu na mwenzake, akamtazama mwalimu, akafikiri, akaufunga. Hakutaka kuwa yeye wa kwanza kuanza kuichukua tena.

"Basi tuendelee," alisema Mlingoti kwa ile sauti ya kuomba apishwe, na kila mtu, hadi dawati la mwisho, akasikia. Akawagawia vipande vya chungwa, robo kwa robo, na Wakili akataka kujua kwa nini robo yake ina mbegu.